Maswali ya Wasomaji: Kanda za The Beatles za Januari 1969

Barua nyingi zilizoifikia safu hii zinauliza juu ya jambo moja: rekodi ambazo bendi ya The Beatles ilizifanya jijini London Januari 1969. Sehemu ndogo ya rekodi hizo ndiyo iliyokuja kuwa albamu ya Let It Be mwaka 1970. Sehemu kubwa ilibaki makabatini, nyingine ikavuja kwa njia za magendo, na mpaka leo hazijatolewa zote. Tumechagua barua zilizogusa kiini cha suala hilo na kuzijibu kwa mfuatano, kwa kuwa jibu la swali moja mara nyingi linahitajika ili kulielewa linalofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma mara kwa mara kwamba zipo zaidi ya saa 100 za kanda za The Beatles za mwezi ule, ilhali albamu yenyewe haifiki hata dakika 40. Bendi iliwezaje kurekodi muziki mwingi kiasi hicho ndani ya mwezi mmoja, kisha ikauacha?

JIBU: Ndugu msomaji, idadi hiyo ni ya kweli, lakini si saa 100 za muziki. Kanda za Januari 1969 ni za aina mbili zilizorekodiwa na watu tofauti kwa madhumuni tofauti, na asiyezitenganisha atapotea mapema.

Aina ya kwanza ni kanda za filamu. Bendi ilianza kazi tarehe 2 Januari katika studio za filamu za Twickenham, ikiwa imezungukwa na wapiga picha wa mwongozaji Michael Lindsay-Hogg, kwa matumaini kwamba mazoezi yangeishia kwenye onyesho la moja kwa moja mbele ya watazamaji. Sauti ya filamu ilinaswa kwa mashine mbili za Nagra, zilizotengenezwa Uswisi, ambazo watengenezaji filamu wa wakati huo walizipenda kwa sababu zilibebeka kwa urahisi na hazikuyumba mwendo. Kanda moja ilichukua takriban dakika 16, na kwa kuwa mashine zilikuwa mbili, moja ilipokaribia kufika mwisho nyingine iliendelea kunasa. Ndiyo maana tumebakiwa na karibu kila kilichosikika mle ndani: nyimbo, vipande vya nyimbo, gitaa zikipatanishwa, magazeti yakisomwa kwa sauti, na mijadala mirefu juu ya mahali pa kufanyia onyesho. Hata hivyo, vyote vilinaswa katika mkondo mmoja wa sauti, yaani ngoma, gitaa na maongezi kwa pamoja.

Aina ya pili ni kanda za muziki zenyewe, zilizorekodiwa kwenye mashine ya njia nane, ambapo kila chombo au sauti huweza kupewa njia yake na baadaye kupandishwa au kushushwa. Kanda hizi hazikuwapo kabisa Twickenham. Zilianza baada ya bendi kuhamia orofa ya chini ya jengo la kampuni yao ya Apple, namba 3 Savile Row, katika wiki ya tatu ya mwezi huo. Studio ambayo Alexis Mardas, fundi wa vifaa vya umeme wa Apple, alikuwa ameahidi kuwajengea mle haikufaa kwa kazi, ikabidi vifaa viazimwe kutoka kampuni ya EMI. Mtu anayezungumzia zaidi ya saa 100 za kanda anazungumzia kanda za Nagra. Kanda za njia nane, ambazo ndizo zilizozaa albamu, ni chache zaidi na zinaishia mwisho wa mwezi huohuo.

Kuhusu kuachwa, neno hilo linahitaji uangalifu. Sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kanda za Nagra haikukusudiwa kuwa rekodi hata siku moja. Ni mazoezi ya watu wanaojifunza nyimbo zao wenyewe. Chukua asubuhi ya tarehe 7 Januari. Kati ya wanabendi wanne, John Lennon alikuwa hajafika, na Paul McCartney akakaa mbele ya George Harrison na Ringo Starr akilipiga gitaa lake la besi kwa nguvu, kwa namna ambayo kwa kawaida hupigwa gitaa la mdundo. Hakuna wimbo bado, ila mngurumo na sauti isiyo na maneno. Anarudia, anarudia tena, kisha silabi zinaanza kushikamana, kibwagizo kinajitokeza, Harrison anaingia na gitaa, Starr anapiga makofi, na baada ya dakika chache kilichokuwa kelele kinatambulika kuwa wimbo wa Get Back. Dakika hizo hazikuweza kuwekwa kwenye santuri mwaka 1970, wala hakuna aliyefikiri kuziweka. Kwangu mimi, hakuna kitu katika kumbukumbu zote za bendi hii kinachozizidi thamani.

Isitoshe, nyimbo nyingi zinazosikika zikichechemea kwenye kanda hizo hazikutupwa. Something na Octopus's Garden, kwa mfano, zilikwenda kwenye albamu ya Abbey Road, iliyotoka Septemba mwaka huohuo. All Things Must Pass ya Harrison ilifanyiwa mazoezi mara nyingi bila kupata nafasi, ikaja kutoka mwaka 1970 kwenye albamu yake mwenyewe. Gimme Some Truth ikaenda kwenye albamu ya Lennon ya mwaka 1971.

SWALI: Nimesikia kwamba albamu hii ilitengenezwa mara tatu na watu watatu tofauti. Ni ipi hasa iliyo ya kweli?

JIBU: Nitalijibu kwa kirefu, maana hapa ndipo penye utata wote.

Wazo la awali lilikuwa kurekodi nyimbo mpya bila kupachika sauti juu ya sauti. Bendi ipige pamoja chumbani, na kinachosikika kwenye santuri kiwe kile kilichopigwa. Kwa bendi ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imetumia miezi studioni ikipanga sauti tabaka kwa tabaka, huu ulikuwa uamuzi mzito. Fundi wa sauti Glyn Johns ndiye aliyekabidhiwa kuzipanga kanda, na Mei 1969 alikamilisha albamu iliyoitwa Get Back, yenye vicheko, mianzo ya nyimbo iliyoharibika, na maneno ya wanabendi kati ya wimbo na wimbo. Bendi haikuitoa. Januari 1970 akaandaa toleo la pili, akiuondoa wimbo wa Teddy Boy na kuongeza I Me Mine na Across the Universe. Hilo nalo likakataliwa.

Machi 1970 kanda zilikabidhiwa kwa mtayarishaji Mmarekani Phil Spector. Yeye hakujali ile kanuni ya kutopachika. Tarehe 1 Aprili 1970, katika studio za EMI barabara ya Abbey Road, alirekodi okestra na kwaya juu ya nyimbo tatu: Across the Universe, I Me Mine na The Long and Winding Road. Kati ya wanabendi wanne, aliyekuwapo siku hiyo ni Ringo Starr peke yake. Albamu ikatoka Uingereza tarehe 8 Mei 1970. McCartney, ambaye hakushirikishwa, alikuwa amekwisha kuandika barua tarehe 14 Aprili kwa Allen Klein, meneja wa bendi, akitaka okestra na sauti za kwaya zipunguzwe kwenye wimbo wake na kinubi kiondolewe kabisa. Hakuna kilichobadilishwa.

Sasa usikilize wimbo huo mmoja kwa makini, maana ndani yake kuna kisa kizima. Spector alitumia jaribio (yaani upigaji mmoja wa wimbo uliorekodiwa) la tarehe 26 Januari, ambalo Lennon ndiye aliyepiga besi. Lennon hakuwa mpigaji wa besi, na katika jaribio hilo anakosea noti mara kadhaa, hata mtu asiye mwanamuziki anaweza kuzigundua. Lilikuwa jaribio la kujifunzia. Siku tano baadaye, tarehe 31 Januari, bendi iliupiga tena mbele ya kamera kwa utulivu zaidi, na toleo hilo ndilo linaloonekana kwenye filamu ya Lindsay-Hogg. Glyn Johns naye alikuwa amelichagua lile la tarehe 26. Kwa hiyo Spector alipoleta okestra, alikuwa pia anafunika upungufu wa uchaguzi uliofanywa kabla yake. Simtetei. Kwaya ile ya waimbaji 14 inaulemea wimbo, na kufanya hivyo nyuma ya mgongo wa mtunzi halikuwa jambo la haki. Lakini haifai kusema kwamba aliharibu kito kilichokuwa tayari kimekamilika.

Kadhalika, inampasa msikilizaji mwadilifu kukiri kwamba mahali pengine Spector alichagua vizuri kuliko Johns. Kwa wimbo wa I've Got a Feeling, Johns alitumia jaribio la ndani ya studio linalovunjika kabla ya kufika mwisho, wakati lilikuwapo lile lililopigwa katika onyesho la juu ya paa la jengo la Apple tarehe 30 Januari, lenye moto wote ambao bendi hiyo iliweza kuuwasha. Spector alitumia la juu ya paa. Johns alitaka kuonyesha bendi ikiwa kazini, na nia yake naiheshimu sana. Hata hivyo, kuonyesha ukweli hakukumlazimu kuchagua jaribio dhaifu.

Toleo la tatu, Let It Be... Naked, lilitoka Novemba 2003 kwa baraka za McCartney. Okestra imeondolewa, maongezi yameondolewa, vipande viwili vifupi vya mzaha vimeondolewa, na Don't Let Me Down umeongezwa. Kwa The Long and Winding Road limetumika lile jaribio la tarehe 31. Jina la albamu linadai kwamba sasa tunasikia muziki ukiwa mtupu, nami sikubaliani na dai hilo. Don't Let Me Down iliyomo humo imeunganishwa kutoka mapigo mawili tofauti ya siku ile ya paani, na kelele nyingi zimesafishwa kwa kompyuta. Ni albamu safi na inapendeza, lakini ni kazi ya mhariri kama zile nyingine.

Kwa hiyo swali lako halina jibu moja, na sababu yake si uvivu wa mwandishi. Iliyotolewa na kupokewa na ulimwengu ni ya Spector. Iliyo karibu zaidi na wazo la awali ni ya Johns ya mwaka 1969. Hakuna hata moja kati ya tatu hizi ambayo wanabendi wote wanne walikaa pamoja wakaimalizia wenyewe. Hilo ndilo linaloitofautisha albamu hii na nyingine zote za bendi hiyo, na ndilo linalozifanya kanda zake ambazo hazijatolewa zitafutwe kwa hamu kiasi hiki: watu wanaamini kwamba albamu halisi bado imo mle ndani. Mimi naamini haimo. Mle ndani imo kazi ya kuitafuta.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kanda zinathibitisha kuwa wanabendi walichukiana? Mimi nilikulia katika simulizi hiyo.

JIBU: Wengi walikulia humo, na iko sababu. Filamu ya Lindsay-Hogg ilitoka Mei 1970, mwezi mmoja tu baada ya magazeti kutangaza kwamba McCartney ameondoka. Watazamaji waliingia ukumbini wakijua ndoa imekwisha, wakatafuta dalili, nao wakazipata. Dalili iliyonukuliwa kuliko zote ni ya tarehe 6 Januari, wakati wa mazoezi ya Two of Us, ambapo Harrison, akiwa amechoshwa na maelekezo, anamwambia McCartney kwamba atapiga chochote anachotakiwa kupiga, au asipige kabisa.

Tukio hilo lilitokea. Lakini kwenye kanda limezungukwa na maongezi marefu ambamo McCartney anahangaika kueleza anachokisikia kichwani, anaona kwamba anakera, anarudi nyuma, anajaribu tena. Ukiusikia muktadha wote, unasikia watu wawili waliojuana tangu utotoni wakishindwa kuelewana juu ya kazi, jambo ambalo si chuki. Jambo zito zaidi ni lile ambalo filamu ya 1970 haikulionyesha hata kidogo: tarehe 10 Januari Harrison aliondoka Twickenham na kuiacha bendi. Alirudi baada ya siku kadhaa za mazungumzo, kwa makubaliano kwamba lile wazo la onyesho kubwa liachwe na kazi ihamie Savile Row. Hivyo filamu iliyopata sifa ya kuonyesha kuvunjika kwa bendi ilikiruka kisa pekee ambacho mtu alitoka mlangoni.

Upande wa pili nao una ushahidi. Tarehe 22 Januari mpiga kinanda Mmarekani Billy Preston, ambaye walimfahamu tangu siku walizopiga muziki Hamburg, Ujerumani, aliingia Savile Row na kuketi kwenye piano ya umeme. Mabadiliko yanasikika papo hapo. Wanapiga kwa umakini, wanacheka, na nyimbo ambazo kwa wiki tatu zilikuwa zinaburuzwa zinapata mwendo. Siku nane baadaye walikuwa juu ya paa. Wimbo wa Get Back ulipotolewa kama santuri ndogo Aprili 1969, jina la Preston liliandikwa pamoja na la bendi, heshima ambayo The Beatles hawakuwa wameitoa kwa mpigaji mwingine.

Kwa saa zote hizo, anayechagua dakika 80 anaweza kukupa huzuni, na anayechagua saa nane anaweza kukupa furaha, bila hata mmoja wao kusema uongo. Peter Jackson, ambaye filamu yake ya Novemba 2021 ina karibu saa nane, naye alichagua. Ninaiamini zaidi filamu yake kwa sababu urefu wake unatuachia nafasi ya kuona mtu akikasirika saa nne asubuhi na kutulia saa nane mchana, ila nisingependa msomaji aichukue kama kanda zenyewe.

SWALI: Kupitia intaneti nimelipia faili lililotangazwa kuwa ni "albamu ya Get Back ambayo haijawahi kutolewa". Nitajuaje kama ni ya kweli?

JIBU: Tangazo lenyewe ni la uongo kabla hata hujafungua faili. Albamu ya Get Back kama ilivyopangwa na Glyn Johns mwaka 1969 ilitolewa rasmi tarehe 15 Oktoba 2021 ndani ya toleo maalumu la Let It Be. Aliyekuuzia amekuuzia kitu kilichopo madukani, kwa ubora ambao huenda ni hafifu zaidi, na bila senti moja kuwafikia wenye haki.

Ili ujue ulichonacho, sikiliza dalili. Kama sauti ni ya mkondo mmoja, maongezi yanaingia katikati ya wimbo, na mtu anasikika akitaja namba ya kanda, basi hizo ni nakala za kanda za Nagra. Kanda nyingi za aina hiyo ziliibwa na kuzunguka kwa magendo miaka mingi. Januari 2003 polisi nchini Uholanzi na Uingereza walifanikiwa kukamata takriban 500. Kama sauti imetawanyika kushoto na kulia lakini ina mikwaruzo ya santuri, huenda ni uzao wa zile santuri za majaribio zilizokatwa kwa ajili ya wanabendi kusikiliza, ambazo zilivuja na kuchezwa na vituo vya redio vya Marekani Septemba 1969. Santuri ya kwanza ya magendo ya nyimbo hizi ilizaliwa na matangazo hayo, miezi kadhaa kabla ya albamu rasmi kutoka. Na kama sauti ni safi kupita kiasi, huku kila chombo kikisikika peke yake, inawezekana ni kazi ya shabiki wa siku hizi aliyezipitisha kanda za zamani kwenye programu ya kompyuta. Kazi za namna hiyo zimekuwa nyingi, na baadhi zinauzwa kana kwamba zimetoka kabatini.

Hata matoleo rasmi yanahitaji sikio la makini. Mwishoni mwa Get Back ya albamu ya 1970 anasikika Lennon akishukuru kwa niaba ya kundi na kutumaini kwamba wamefaulu usaili. Maneno hayo aliyasema juu ya paa tarehe 30 Januari. Wimbo unaotangulia ulirekodiwa ndani ya studio siku tatu kabla. Spector aliviunganisha, na vizazi vya wasikilizaji vikaamini kwamba walikuwa wanasikia paa.

SWALI: Je, akili mnemba iliyotumika kwenye filamu ya 2021 ilibuni sauti ambazo hazikuwapo?

JIBU: Hapana. Timu ya Peter Jackson nchini New Zealand ilitengeneza programu iliyofundishwa kuitambua sauti ya kila chombo na ya kila mtu, kisha kuitenga na nyingine ndani ya mkondo mmoja wa Nagra. Kazi yake ni kutenganisha kilichomo. Matunda yake ni makubwa kuliko usafi wa sauti. Jackson ameeleza kwamba wanabendi walipotaka kuzungumza faraghani walikuwa wakiyakwaruza magitaa yao ili maikrofoni zisiwanase. Programu iliwezesha kuyaondoa magitaa hayo, na maneno yaliyofichwa kwa zaidi ya nusu karne yakasikika. Naona ni haki kujiuliza kama tulipaswa kuyasikia. Swali hilo halimhusu fundi wa sauti, linawahusu wenye kanda, na walioridhia ni wanabendi waliobaki pamoja na familia za waliofariki.

Mbinu hiyohiyo ilitumika baadaye kuipanga upya albamu ya Revolver mwaka 2022, na kuitoa sauti ya Lennon kwenye kaseti ya nyumbani ili wimbo wa Now and Then ukamilishwe mwaka 2023.

SWALI: Kwa nini wasitoe tu kila kitu? Na sheria inasemaje kuhusu rekodi zilizokaa miaka 50 bila kutolewa?

JIBU: Sheria ni sehemu ya jibu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2011 agizo la kurefusha ulinzi wa rekodi za sauti kutoka miaka 50 hadi 70, lakini nyongeza hiyo ni kwa rekodi zilizotolewa kwa umma. Iliyofichwa kwa miaka 50 tangu irekodiwe hupoteza ulinzi wake. Ndiyo maana Desemba 2013 zilitokea ghafla sokoni rekodi 59 za The Beatles za mwaka 1963, bila matangazo makubwa. Jihadhari lakini na wanaosema kwamba baada ya hapo kila mtu ana ruhusa. Haki ya rekodi ni moja na haki ya utunzi ni nyingine. Utunzi hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na McCartney yu hai.

Sehemu nyingine ya jibu ni hukumu ya wenyewe. Wapo mashabiki wanaodai kila dakika kana kwamba ni mali yao. Siungi mkono. Mtu aliyejaribu ubeti mbovu asubuhi akiwa hajalala vizuri ana haki ya kuuacha ubaki mle chumbani. Ninachokitamani ni kanda zote zihifadhiwe kwa ubora wa juu na watafiti waruhusiwe kuzisikiliza, hata kama hazitauzwa kamwe.

Na si Januari 1969 peke yake. Jaribio la wimbo wa Helter Skelter la tarehe 18 Julai 1968, lenye dakika 27, halijatoka. Wala Carnival of Light ya tarehe 5 Januari 1967, yenye karibu dakika 14 za kelele za majaribio, ambayo McCartney alitaka kuitoa katika miaka ya 1990 na Harrison akakataa.

SWALI: Mimi ni mgeni katika muziki huu. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na albamu ya 1970 kama ilivyo, pamoja na okestra yake. Kisha sikiliza Get Back ya Johns iliyomo katika toleo la 2021, na usikate tamaa nyimbo zinapovunjika. Baada ya hapo weka The Long and Winding Road mara tatu mfululizo: ya Spector ya 1970, ya mkusanyiko wa Anthology 3 wa 1996, ambayo ni jaribio lilelile la tarehe 26 bila okestra, na ya Naked ya 2003. Sikiliza besi peke yake katika zote tatu. Onyesho la paani, ambalo sauti yake yote ilitolewa mtandaoni Januari 2022, liache mpaka utakapokuwa umeshazizoea nyimbo, kwa kuwa utamu wake uko katika kusikia jinsi zilivyobadilika zilipotoka nje kwenye baridi. Kanda za Nagra zisubiri. Asiyezijua nyimbo zilizokamilika hatatambua ni nini kinachotafutwa mle.